Daraja la Mlangoni kwa Mama Kinu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mama Kinu alikuwa ameshafungua mlango. Jina lake la kuzaliwa watu walikuwa wamelisahau siku nyingi. Alikuwa na mashine ya kusaga nafaka, basi wakamwita Mama Kinu, naye akaitika. Alifagia sakafu, akakaza mkanda wa mashine, akaigonga kidogo mizani yake iliyokuwa na tabia ya kukwama. Halafu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatazama mto.

Mto ulikuwa hatua thelathini kutoka mlangoni kwake. Ng'ambo ya pili zilikuwapo kaya mia nne, na zote zilikula unga. Zamani palikuwa na kidaraja cha mbao. Miaka mitatu iliyopita maji yalikizoa chote. Tangu hapo, mwenye gunia ng'ambo alikuwa na njia mbili tu. Ama avuke kwa mtumbwi na gunia lake lirowe, ama azunguke hadi barabara kuu, mwendo wa saa mbili na zaidi. Wengi waliona taabu hiyo ya nini, wakaenda kusaga kwingine.

Mama Kinu hakukata tamaa. Daraja la zege lilikuwa linakuja. Tena lilikuwa linakuja pale pale mlangoni kwake!

Mwanzoni wataalamu walitaka kulijenga juu zaidi, mahali panapoitwa Kwenye Mawe. Kutoka kwa Mama Kinu, huko ni mwendo wa dakika ishirini. Mama Kinu akasema haiwezekani asilani. Akaandika barua, akapita nyumba kwa nyumba na kalamu sikioni, akakusanya saini mia moja na kumi na mbili. Saini ya kwanza ilikuwa yake. Halmashauri ikakubali kulihamisha daraja. Kwa furaha, Mama Kinu akatoa akiba yake yote, akanunua mashine ya pili. Mwaka mzima sasa mashine hiyo ilikuwa imesimama pembeni, imefunikwa turubai.

Mumewe alikuwa fundi baiskeli. Karakana yake ilikuwa upande wa pili wa ukuta, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Mama, bibi harusi wako hajafunuliwa tu?" aliuliza, akionyesha lile turubai.

"Cheka tu. Daraja likija, utanipigia magoti nikupe kazi."

Lakini siku hiyo, kabla ya saa sita, fundi baiskeli alirudi kutoka ofisi ya mtaa bila mzaha wowote usoni.

"Wameliahirisha," alisema.

"Wameahirisha nini?"

"Daraja. Mkandarasi anataka milioni mia tisa. Halmashauri ina milioni mia tano. Wanasema tusubiri, labda mwaka wa kesho kutwa."

Mama Kinu alizima mashine. Ghafla chumba kikawa kimya. Alitazama turubai.

"Milioni mia tisa kwa daraja la mita ishirini?" alisema. "Hao ni wezi! Haki ya Mungu, wezi wakubwa!"

Jumamosi kukawa na mkutano ukumbini. Mhandisi wa halmashauri alikuwapo, kijana mwembamba mwenye miwani, amekumbatia faili kama mtu aliyeshika mtoto wa jirani. Watu walimzomea kabla hajafungua kinywa. Mama Kinu alisimama, akampa vidonge vyake. Alisema pesa zimeliwa. Alisema anajua mtu akila pesa anavyonenepa, ingawa mhandisi yule hakuwa na unene wowote. Ukumbi ukapiga makofi.

Mwenyekiti wa mtaa, muuza vifaa vya umeme, alingoja kelele zipungue.

"Mama Kinu," alisema, "makaratasi ya bei ni ya umma. Kila mwananchi ana haki ya kuyaona. Hapa wewe ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote. Basi tunakutuma. Kasome, halafu baada ya wiki mbili utuambie pesa imekwenda wapi."

"Mimi?" Mama Kinu alitoa macho. "Mimi nimejifunza kusoma ukubwani!"

"Basi umejifunza kwa ajili ya kazi hii," mwenyekiti akajibu. Watu wakacheka, na mambo yakaishia hapo.

Mhandisi alimpa nakala za kurasa arobaini na sita. Mama Kinu alizibeba nyumbani kwenye mfuko wa unga. Alisoma ukurasa wa kwanza kwa kidole, neno kwa neno. Alipofika mwisho, hakuwa ameambulia kitu.

"Umesahau kwamba una wifi?" mumewe alimuuliza.

Hakusahau. Ila wifi yake huyo, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa mtu wa kumpima kila mtu kwa macho. Kwa miaka thelathini alifanya kazi idara ya barabara. Kazi yake ilikuwa kukadiria gharama: kokoto kiasi gani, chuma kiasi gani, siku ngapi, watu wangapi. Sasa alikuwa amestaafu, akiishi nyumba ya nyuma. Siku ya harusi ya Mama Kinu aliwahi kuhesabu viti na kusema vimepungua sita. Vilikuwa vimepungua sita kweli.

Mama Kinu alipiga moyo konde, akabisha hodi.

"Karibu, wifi," alisema yule mama, akitazama mfuko wa unga. "Leo unanisagia au unanisomesha?"

"Nimekuja unionyeshe wizi ulipo."

"Tutautafuta. Lakini mtu anayetafuta kitu anapaswa kukubali kukuta kingine. Kaa."

Wifi alitoa kabatini makaratasi mengine. Yalikuwa ya daraja la kata ya jirani, lililojengwa mwaka uliopita. Nalo lilikuwa la mita ishirini, lenye upana ule ule. Lilikuwa limegharimu milioni mia nne na hamsini.

"Umeona!" Mama Kinu aliruka. "Nusu yake! Wezi!"

"Pole pole. Ukisema ghali, useme ghali kuliko nini. Ndiyo maana nimetoa hili la pili. Tuyaweke mawili haya ubavu kwa ubavu. Soma saruji."

Mama Kinu alisoma kwa kidole. Bei ya mfuko mmoja wa saruji ilikuwa karibu sawa pande zote mbili. Kokoto, karibu sawa. Chuma cha juu ya daraja, karibu sawa. Hata mishahara ya vibarua haikupishana sana.

"Mtu akitaka kukuibia, wifi, mara nyingi utaona hapa. Kitu kile kile, bei imepaa bila sababu. Au mifuko inayohitajika ni mia, yeye ameandika mia mbili. Hapa sioni. Endelea. Nguzo za chini ya ardhi."

Kidole cha Mama Kinu kilisimama. Daraja la jirani lilikuwa na nguzo zinazoingia ardhini mita mbili. Daraja lao lilikuwa na nguzo za kuingia mita kumi na nane.

"Kumi na nane? Wanachimba kisima?"

"Wanatafuta mahali pagumu pa kukanyaga. Daraja ni zito. Likikanyaga tope, litalala. Endelea, soma na huo mstari wa chini."

Mstari wa chini ulisema: kuhamisha bomba kuu la maji. Uliofuata ulisema: kujaza udongo mita mia mbili, kwa ajili ya barabara ya kuingilia darajani. Na wa mwisho ulikuwa na kiasi kikubwa, umeandikwa: dharura na yasiyojulikana.

"Yasiyojulikana!" Mama Kinu alishika kiuno. "Mtu anadai pesa kwa kitu asichokijua? Hapa ndipo walipoficha!"

Wifi alimimina chai vikombe viwili, akasukuma kimoja.

"Nikuulize. Mtu usiyemjua anakuletea gunia limeshonwa mdomo. Anasema, nisagie, ndani kuna mahindi, na labda kuna mawe, sijui. Utamtoza bei gani?"

"Mawe? Yatanivunjia mashine! Namtoza mara mbili, au namfukuza."

"Na kama mashine ni yako peke yako mji mzima, hana pengine pa kwenda?"

Mama Kinu alitaka kujibu haraka, akajikuta anacheka. "Mara tatu, wifi. Mungu anisamehe."

"Basi umemwelewa mkandarasi. Tazama hapa. Udongo ulipimwa Kwenye Mawe. Daraja likahamishwa, lakini huko lilikohamishiwa hakuna aliyepima tena. Mkandarasi hajui chini kuna nini. Hofu yake ameitia kwenye bei. Halafu tazama ukurasa wa mwisho. Tangazo la zabuni lilibandikwa siku tano, ndani ya korido ya ofisi. Kampuni iliyojitokeza ni moja tu. Haikuwa na wa kushindana naye."

Mama Kinu alikunywa chai, akaweka kikombe chini. Neno moja lilikuwa limemkwama.

"Umesema lilihamishwa," alisema taratibu.

"Nimesema. Ni wewe uliyepita na kalamu sikioni. Hata kwangu ulifika."

"Na wewe uliweka saini?"

"Sikuweka. Nilikuuliza kama udongo umepimwa. Ukaniambia niache roho mbaya."

Loo! Mama Kinu alikumbuka. Alikuwa amesema hivyo, tena kwa sauti, mbele ya majirani. Aliona haya hadi masikio yakamwaka moto.

Kesho yake asubuhi walichukua nondo ndefu kwenye karakana ya fundi baiskeli, wakaenda ukingoni, mbele ya mlango wa mashine. Wifi alimwambia asukume. Mama Kinu alisukuma kwa mkono mmoja. Nondo ikazama kama sindano kwenye mkate, mpaka kiganja chake kikagusa tope.

Wakapanda hadi Kwenye Mawe. Huko mto ulikuwa mwembamba na maji yalipiga kelele juu ya miamba. Mama Kinu alisukuma tena. Nondo iliingia kina cha goti tu, ikagonga kitu. Akasogea hatua tano, akasukuma. Ko! Akasogea tena. Ko!

"Hiki si kipimo cha kitaalamu," wifi alimwonya. "Wenye mitambo ndio watakaopima vizuri. Nimetaka tu mkono wako ujue."

Mkono wake ulijua. Mama Kinu alikaa juu ya jiwe, gauni lake limejaa tope, akaipangusa nondo.

"Wifi," alisema mwishoni, "daraja likija huku, watu wa ng'ambo watatokea huku. Pale kwangu hatapita mtu. Na mashine ya pili nimeshainunua."

"Najua."

"Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Watasema tu wezi, wezi, na mimi nitasema nao."

"Hiyo nayo najua," alisema wifi. Hakumshauri neno. Alimshika tu mkono wakati wa kushuka, maana mawe yalikuwa yanateleza.

Wiki ile Mama Kinu hakulala vizuri. Alipiga hesabu za kila namna. Mara ajiambie pesa za serikali haziishi, wataongeza tu. Mara amwone mteja wake mmoja, mama wa ng'ambo anayevuka na gunia juu ya mtumbwi, mtoto mgongoni, maji yakimfika kiunoni wakati wa kushuka. Alimweleza mumewe. Fundi baiskeli alifikiri huku akizungusha gurudumu.

"Kama hakuna daraja kabisa," alisema, "mlango wako utapitwa na nani?"

Hilo lilimkaa kichwani.

Siku ya mkutano ukumbi ulifurika. Watu walikuja kusikia jina la mwizi. Mhandisi alikaa mbele na faili lake, amejikunyata. Mama Kinu alisimama. 

"Mlinituma nikatafute pesa imekwenda wapi," alianza. "Nimesoma kurasa zote arobaini na sita. Nimesaidiwa na wifi yangu, mnamjua. Kubwa kuliko yote ni hili: daraja hili ni ghali kwa sababu linajengwa juu ya tope. Na liko juu ya tope kwa sababu sisi tuliomba lihamishwe. Ile barua ina saini mia moja na kumi na mbili. Ya kwanza ni yangu. Nililitaka mlangoni kwangu."

Ukumbi ukalipuka.

"Umelipwa bei gani?" mtu alipiga kelele nyuma.

"Wamemnunua!" mwingine akadakia.

"Ningelipwa ningekuwa nimekwisha kununua viatu!" Mama Kinu alijibu, akainua mguu wake wenye ndara iliyoshonwa kwa waya wa baiskeli. Kicheko kikapita, na kelele zikashuka kidogo. "Sikilizeni. Sijamaliza. Na nyie wakubwa mna yenu. Mhandisi, baba, simama."

Mhandisi alisimama.

"Tulipoomba lihamishwe, ulijua pale pana tope?"

"Nilihisi, mama."

"Kwa nini hukupima?"

Kijana alivua miwani, akaifuta. "Kupima kungechukua mwezi mzima na pesa kidogo. Na nyinyi mlikuwa mkija ofisini kila siku mkisema mnacheleweshwa. Nikaogopa kelele. Nilikosea."

"Na tangazo la zabuni?"

"Siku tano zilikuwa chache. Na koridoni hapakuwa mahali pake. Hapo pia tulikosea."

Watu walinung'unika, lakini safari hii walinung'unika kama watu wanaofikiri. Wifi alisimama karibu na dirisha, akaeleza kwa lugha nyepesi. Kwanza, mahali pachaguliwe kwa sababu ya ardhi, na ardhi ipimwe kabla ya bei kutajwa. Mahali pakishachaguliwa, pasihamishwe kiholela, maana kila badiliko lina bei yake. Na zabuni itangazwe wazi, muda wa kutosha, ili kampuni nyingi zije. Kisha wananchi wapewe bei hizo waziweke kando ya bei za madaraja mengine.

"Na wezi je?" aliuliza mzee mmoja. "Hawapo tena?"

"Wapo, baba," wifi akajibu. "Ndiyo maana tunasoma. Mwizi anapenda sana watu wanaopiga kelele bila kufungua faili."

Mwenyekiti alipigisha kura. Mikono mingi iliinuka kulirudisha daraja Kwenye Mawe. Mama Kinu alitazama mkono wake mwenyewe kwa muda. Kisha akauinua. Uchungu alikuwa nao, tena mwingi, na hakuuficha. Machozi yalimtoka hapo hapo, akayafuta kwa ncha ya kanga, mkono mwingine ukiwa bado juu.

Mambo yalikwenda hivi. Mwezi mmoja ulitumika kuipima upya ardhi ya Kwenye Mawe. Wapimaji walikuta mwamba karibu. Zabuni ikatangazwa siku thelathini, redioni, gazetini na kwenye mbao za matangazo za kata zote. Zikaja kampuni tano. Iliyoshinda ilikubali milioni mia nne na sitini. Ile kampuni ya kwanza nayo ilirudi, na sasa ikaandika milioni mia nne na tisini, bila haya. Kazi ilichukua miezi saba. Wananchi watatu walichaguliwa kuhesabu mifuko ya saruji inayoingia, na wifi akawafundisha jinsi ya kuandika. Pesa iliyobaki ilijenga makalavati ya kupitisha maji chini ya njia ya kwenda zahanati, mahali ambapo kila masika wagonjwa walibebwa kwa machela.

Na Mama Kinu? Mashine ya zamani ilibaki pale pale kando ya maji, na wateja wake wakapungua, kama alivyojua. Alikodi chumba kimoja Kwenye Mawe, nyuma ya duka la rangi, maana karibu kabisa na daraja hapakuruhusiwa kujenga. Wanaume sita waliibeba mashine ya pili hadi huko, fundi baiskeli akiwaimbia nyimbo za harusi njia nzima. Mwezi wa kwanza ilisaga magunia machache. Mwezi wa pili watu wa ng'ambo wakapajua. Mwezi wa tatu foleni ilianza kutoka nje ya mlango.

Asubuhi moja mumewe alimletea mkanda mpya wa mashine. Akasimama kando, akamtazama mkewe aliyejaa unga hadi kope.

"Niambie kweli," alisema. "Unajuta?"

Mama Kinu alifikiri. Hakutaka kumdanganya.

"Kidogo," alisema. "Kila asubuhi nikianza kupanda huu mlima, najuta. Miguu inauma, na pale chini nilipapenda."

"Halafu?"

Mama Kinu alielekeza kidevu chake mlangoni. Yule mama wa ng'ambo alikuwa ndio anaingia, gunia kichwani, mtoto mgongoni. Alikuwa ametembea juu ya daraja, na gauni lake lilikuwa kavu hadi chini.

"Halafu namwona huyu," alisema Mama Kinu, akalipokea gunia lake.